Chumba Chenye Komeo

Chole, Mafia
9 Rajabu 1316

Ndugu yangu Jabir bin Ghalib, uliyeko Kilwa Kivinje,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Somoe, na mwanangu Chiku ambaye Mungu amemweka mikononi mwenu. Mimi ni mzima. Vuli imenyesha kidogo, mihogo imeshika. Baba zetu wadogo hawajambo, ila yule mkubwa goti linamsumbua na mwaka huu hakuweza kwenda kusimamia minazi yake. Habari zao nazisikia tu, siwaoni, kwa sababu nitakayokueleza.

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo sijui kama zilifika. Kama zilifika, basi hii ni nyongeza. Kama hazikufika, ndiyo ya kwanza.

Mengi utakuwa umeyasikia kwa mabaharia. Sasa yasikie kwangu. Ndui ilipoingia kwetu Jibondo, mume wangu Matano aliwahi kuwatoa watoto. Kombo alimpeleka kwa ndugu yake Shamte kisiwani Bwejuu, na Chiku, aliyekuwa hajatimiza hata miaka mitatu, alimkabidhi nahodha amlete kwako. Kichanga hakuweza kutengwa na ziwa, nikabaki naye. Watu wa chombo kilichokuwa kikituletea maji ya kunywa wakawa wanaiacha mitungi ufukweni na kutweka tanga papo hapo. Matano alikufa, mtoto akamfuata, nami nikalala nisijue ya dunia. Nilipozinduka nilikuwa kibandani pwani, na nyumba yetu ilikwisha kutiwa moto na watu wa mtaa, pamoja na tezo na keezo za Matano za kuundia mashua, kwa kuwa walisema ugonjwa umo ndani ya makuti. Ningekuwa mmoja wao, labda na mimi ningeshika mwenge.

Nikaja Chole, nyumbani kwa marehemu baba. Baba mdogo alisema nami dirishani, kwa upole, akaniomba nisivuke kizingiti. Tangu siku hiyo nimelala majikoni kwa watu na katika banda la kukaushia nazi. Wengine walinipa chakula, lakini walikiweka chini na kurudi nyuma, ndipo niende kukichukua.

Sasa nina habari njema. Yuko hapa mwanamke anaitwa Bi Sihaba. Marehemu baba yake aliacha nyumba ya mawe iwe wakfu kwa wanawake wasio na makao, na shamba la minazi la kuilisha. Vyumba vinazunguka ua, na katikati pana kisima. Nimepewa chumba, Jabir. Kina mlango wa mbao na komeo kwa ndani. Tunasuka ukili, tunashona mikeka, tunapika kwa zamu.

Mtoto anaruhusiwa kukaa na mama yake. Kwa hiyo nakuomba uniletee Chiku.

Dada yako, Biubwa binti Ghalib


Kilwa Kivinje
2 Shaabani 1316

Dada yangu Biubwa, shikamoo.

Barua yako imefika, nami nimeibusu kabla ya kuifungua. Sote hatujambo. Somoe anakusalimu sana. Chiku amenenepa, anapenda papai na anaimba kutwa. Somoe amemshonea gauni la bafta, akamtoboa na masikio. Biashara ya mpira na nta inakwenda polepole mwaka huu, lakini hatulali njaa.

Kwa Matano na kichanga, Mungu awaweke pema. Nililia nilipopata habari, na Somoe alilia zaidi yangu.

Dada, moja limenichoma. Binti wa Ghalib kukaa nyumba ya wakfu! Baba yetu, ambaye watu walikuwa wakila kwake kila Ijumaa, leo mwanawe anasukia watu mikeka. Watu wa Mafia watasema nini juu yangu? Njoo Kilwa. Nyumba yangu ina nafasi. Utakaa na sisi, Chiku atakuwa mbele ya macho yako, na mambo yote yatakwisha.

Nimeona pia mistari yako inapanda juu upande wa kushoto, na herufi zimekuwa kubwa. Baba alitufundisha sote wawili kwa ubao mmoja, na mwandiko wako ndio uliokuwa mzuri. Je, mkono wako una maradhi?

Mdogo wako, Jabir


Chole
20 Ramadhani 1316

Ndugu yangu Jabir,

Marahaba, na funga njema kwenu nyote. Sisi tunafuturu pamoja uani, tuko wanawake saba. Jana Bi Sihaba alituletea tende za Maskati, akatugawia mwenyewe huku akigomba kwamba tunazimaliza kwa macho kabla ya adhana. Ni mkali. Siku ya kwanza nilipofika alinitazama juu mpaka chini, nikangoja aniulize habari za ndui. Akaniuliza, "Umeoga lini?" Nikamwambia sikumbuki. Akachota maji kisimani kwa mkono wake, akanisugua mgongo, na vidole vyake vilipopita juu ya makovu havikusita. Nilikuwa sijaguswa na mtu tangu Matano alipofariki.

Umeniita Kilwa, na ahsante. Lakini nitakuuliza bila hasira: wakati ule nilipolala katika banda la nazi, nikakuandikia mara mbili, mbona hukuniita? Huna haja ya kunijibu. Najua Somoe aliogopa, na alikuwa na mtoto mdogo nyumbani, mwanangu mimi. Angefanya nini?

Siji, Jabir. Nikija kwako nitakuwa mgeni mpaka nife, nikae nikisikiliza sauti ya mwenye nyumba nijue leo amechangamka au amenuna. Hapa nikifunga komeo, hakuna wa kuniuliza. Tena Kombo yuko Bwejuu, karibu na mimi, naye nataka kumtoa. Nikienda Kilwa nitakuwa nimemwacha mara ya pili.

Mkono wangu hauna kitu. Kalamu ni mbovu.

Hukunijibu juu ya Chiku. Nangoja.

Biubwa


Kilwa Kivinje
11 Mfunguo Mosi 1316

Dada yangu mpenzi, shikamoo na Idi njema.

Tumesherehekea salama. Chiku alivaa nguo mpya akazungushwa mtaa mzima.

Kuhusu safari yake, kaskazi bado inavuma, na vyombo vinavyokuja huko vinapigana na upepo. Haifai kumweka mtoto baharini katika hali hiyo. Tusubiri kusi. Baadaye tutazungumza.

Nina shughuli nyingi nyumbani. Niombee.

Jabir


Chole
17 Mfunguo Tatu 1316

Ndugu yangu Jabir,

Salamu nyingi. Masika yameanza, ua wetu umejaa vyura. Mwenzetu Mwanasiti, wa chumba cha jirani, ameolewa upya akaenda kwa mume wake. Tulimpamba kwa hina, tukamlilia kama mtu tuliyezaliwa naye. Chumba chake sasa ni kitupu.

Nakuletea habari kubwa: Kombo yuko na mimi. Naandika yeye amelala juu ya mkeka, miguu imetokeza nje, amekuwa mrefu.

Bi Sihaba ndiye aliyesema twende. Mwanamke mtu mzima yule, aliyekuwa hajapanda mashua miaka mingi, alikaa katika mtumbwi mpaka Bwejuu akitapika njia nzima na kumtukana mpiga kafi. Tulimkuta shemeji yangu Shamte anatengeneza madema ya kutegea samaki. Hakutukaribisha ndani. Alisema, "Shemeji, mtoto huyu ni damu ya ndugu yangu. Nikupe akalale wapi? Kwenye banda la nazi?"

Nikasema, "Chumbani kwangu."

"Chumba cha nani?"

"Changu. Kina mlango."

Akacheka, akamgeukia Bi Sihaba. "Na siku mkimchoka, mkimfukuza?"

Bi Sihaba akajifuta mdomo kwa ncha ya ukaya aliojitanda kichwani. "Baba yangu aliandikisha nyumba ile mbele ya kadhi na mashahidi. Mimi mwenyewe siwezi kumtoa huyu, hata akinitukana. Anatoka akitaka mwenyewe, au akibebwa na jeneza. Wewe hapa kwako una mtu gani uliyemwahidi hivyo?"

Shamte akaliweka dema chini, akasema, "Mtoto aamue."

Wakamwita Kombo. Jabir, nilikuwa nimejifunika uso kwa ukaya, nikimtazama kwa pembeni. Alikuwa mwembamba, na nywele zake zimekuwa nyekundu kama za mtoto wa njaa. Shamte ana watoto wengi, simsemi vibaya, lakini wa kwake hula kwanza. Kombo akauliza, "Mama yangu si alikufa na baba?"

Hapo nilifunua uso. Alinitazama. Alirudi nyuma hatua moja, kisha akasimama. Akasema, "Sema kitu." Nikamwita kwa jina alilokuwa akipewa na baba yake, Msumari, kwa vile alikuwa haachi kucheza na misumari ya mashua. Akaja. Hakulia. Alinishika nguo tu, akaishika mpaka tukafika Chole.

Sasa anakula na mimi, lakini kila mlo anaficha kipande cha muhogo chini ya mkeka. Nikifagia navikuta vimekauka. Bi Sihaba amenikataza nisimkemee. "Viache," alisema. "Siku atakayoamini kuwa kesho ipo, ataacha mwenyewe."

Kusi imeanza, Jabir. Vyombo vya Kilwa vimeanza kutia nanga hapa. Kila kikifika mimi na Kombo tunakwenda kusimama pwani, kisha tunarudi. Mtoto ameanza kuuliza Chiku anakuja lini.

Dada yako, Biubwa


Kilwa Kivinje
3 Mfunguo Tano 1317

Dada yangu Biubwa, shikamoo.

Nimefurahi mno kwa habari za Kombo. Matano angekuwapo angefurahi.

Nimechelewa kukujibu. Nyumbani kumekuwa na mambo, na si mambo ya kuandika. Utakapomwona Somoe usimhoji. Siku hizi hasemi sana.

Nimekubali Chiku aje. Somoe atamleta mwenyewe, kwa sababu mtoto hajazoea watu wengine, na kwa sababu Somoe naye anahitaji kupunga upepo. Akae wiki chache mpaka mtoto azoee, kisha nitamtumia chombo cha kumrudisha.

Nakuomba kitu, dada. Usimharakishe mtoto. Alikuja kwetu akiwa mdogo sana.

Jabir


Chole
26 Mfunguo Sita 1317

Jabir,

Wamefika salama. Mashua iliingia asubuhi maji yakiwa yamejaa. Nilikuwa nimeoga, nimejifukiza udi, nimempaka Kombo mafuta mpaka anang'aa. Nilimwona Somoe ameshuka, na mtoto amemkumbatia shingo. Ni mtoto mzuri. Ana kidevu cha Matano.

Nikanyoosha mikono. Chiku akanitazama, akapiga ukelele, akaficha uso kifuani kwa Somoe. Akasema, "Mama, twende. Mama, huyu ana jicho jeupe."

Basi sasa umejua kwa nini mistari yangu inapanda. Jicho la kushoto lilikwenda na ndui. Sikukuandikia kwa kuwa nilidhani ukijua hutamleta mtoto. Uso wangu wote hivyo hivyo, umetoboka kama jiwe la matumbawe. Wenzangu wa humu wameuzoea, nami nilikuwa karibu kuusahau.

Na wewe hukuniandikia kwamba mwanangu anamwita Somoe mama. Nasema nimelijua, sisemi neno jingine.

Kombo alijaribu kusaidia. Alimshika mkono akamwambia, "Chiku, mama yetu ni huyu." Chiku akamjibu, "Wako. Wangu huyu hapa." Kombo alikasirika akaenda zake kisimani. Somoe alilia pale pale mchangani, akawa ananiomba msamaha kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Nikamwinua. Mimi na yeye tulikuwa hatujapata kuonana tangu harusi yenu.

Mtoto analala na Somoe chumbani kwangu, mimi na Kombo tunalala upande wa pili. Mchana akisahau hucheza karibu yangu, akikumbuka hukimbia. Juzi alichukua ukili kutoka mkononi mwangu, akauvuta, akacheka. Nilikaa vile vile bila kujitikisa mpaka alipouacha.

Somoe amenieleza mambo ya nyumbani kwako ambayo si ya kuandika. Kwamba umeoa mke wa pili, mtoto wa watu wa Lindi. Kwamba mke huyo ana mimba, na amehamia chumba kikubwa. Kwamba siku ulipokubali Chiku aje kwangu, Somoe alikuuliza, "Na mimi nibaki na nani?" nawe ukatoka kwenda msikitini.

Ni haki yako kuoa, sikukatazi. Nakwambia tu kwamba nimejua.

Biubwa


Kilwa Kivinje
30 Mfunguo Saba 1317

Dada yangu, shikamoo.

Nimetuma chombo, nahodha amerudi bila Somoe. Amesema alimwita mlangoni pa nyumba hiyo, akajibiwa na bibi mmoja mkali kwamba hakuna mtu anayetoka.

Dada, huyo ni mke wangu. Sikumwacha, wala sikumpiga, wala sikumnyima kitu. Kama ni chumba, nitamrudishia chumba. Watu wananiuliza yuko wapi, nawajibu amekwenda kuuguza. Sikuweza kukuandikia mambo ya ndoa ile kwa kuwa niliona aibu. Ulikuwa umefiwa na kila kitu, nami nakuja kukusimulia ya harusi?

Nyumba imekuwa kimya. Mke wangu mdogo ni mtoto wa watu, hana kosa, lakini haimbi. Sikujua kwamba Chiku alikuwa akijaza nyumba yote ile.

Mtoto umempata, ni wako. Mrudishe Somoe. Tena fikiria mwenyewe: akiondoka yeye, Chiku atakujia. Akikaa, hatakujia kamwe. Nakuambia kwa faida yako.

Jabir


Chole
19 Mfunguo Nane 1317

Ndugu yangu Jabir,

Nakusalimu, na mkeo mdogo namsalimu ingawa hatujuani. Mungu amfungue salama. Mwambie anywe uji wa pilipili manga akishajifungua, na asibebe maji.

Kombo ameanza chuo, anasoma juzuu ya Amma, na chini ya mkeka wake sikuti kitu tena. Mwalimu anasema ana sauti nzuri. Hapa ataweza kukaa mpaka atakapobaleghe tu, ndiyo sharti la nyumba, kwa kuwa ni nyumba ya wanawake. Miaka hiyo si mingi. Kisha atakwenda Jibondo kujifunza kazi ya baba yake, nami nitabaki kumsubiri Idi hadi Idi. Nilijua hivyo tangu mwanzo, lakini sikulipima mpaka nilipomwona anarefuka.

Sasa la Somoe. Uliyoniandikia si mapya kwangu. Bi Sihaba aliniambia yayo hayo kabla ya barua yako kufika. Tulikuwa tunafua. Akasema, "Chumba cha Mwanasiti kitupu, na wifi yako amekiomba. Kumpokea ni kazi yangu, lakini sitampokea mpaka wewe uridhie, maana mtoto ni wako. Akikaa, mtoto hatakuita mama. Akienda, mtoto atalia mwezi mmoja au miwili, halafu atamsahau, kama alivyokusahau wewe. Fikiri, kisha uniambie."

Jabir, nilifikiri kwa siku nyingi. Sitakudanganya kwamba moyo wangu ulikuwa safi. Kuna asubuhi niliamka nimekwisha kuamua: aende. Nimemzaa mimi. Nililala jikoni kwa watu nikiliita jina lake. Nikatoka uani kumwambia Bi Sihaba.

Nikamkuta Somoe amekaa kwenye ngazi ya kisima anamsuka Chiku nywele. Mtoto anasinzia. Somoe aliponiona aliacha kusuka. Akasema, "Wifi, najua. Nitaondoka na chombo kitakachokuja. Nataka kukuonyesha tu namna ya kumsuka, maana upande huu akivutwa hulia. Na usiku usimfunike miguu, hapendi. Na akisema tumbo linamuuma, mara nyingi si tumbo, ameogopa kitu." Aliyasema yote polepole, yapate kunikalia kichwani, huku machozi yanamdondokea mtoto utosini.

Nami niliyajua yale. Matano alipomkabidhi Chiku kwa nahodha, mimi nilisimama maji ya magoti nikisema vivyo hivyo. Hapendi hiki, hulala hivi. Nahodha akanijibu, "Haya mama, haya," akapandisha tanga.

Nikamwambia Somoe, "Maliza kusuka." Nikaenda kwa Bi Sihaba nikamwambia akifungue chumba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, Somoe harudi. Mimi sikumzuia, ukitaka kumwuliza mwenyewe, njoo. Utakaa barazani kama wanaume wote, utaletewa kahawa, naye akitaka kutoka kusema nawe atatoka. Mwanamke hatolewi humu kwa barua. Ukiona vema kumpa talaka yake, mpe kwa wema. Ukiona vema kungoja, ngoja. Sina hasira nawe. Ulimpokea mwanangu wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kumpokea, na kama si wewe, leo ningekuwa nalisafisha kaburi lake pamoja na ya wale wawili.

Chiku sasa hanikimbii. Kombo amemfundisha kuniita Bi Biubwa, kama wanavyoniita wanawake wa humu. Huja chumbani kwangu, hunipangia ukili kwa rangi, mara nyingine husinzia juu ya mguu wangu, nami siuondoi hata ukifa ganzi. Jana aligusa jicho langu kwa kidole, akauliza kama linauma. Nikamwambia haliumi.

Kutwa husikii humu ila sauti yake. Mama, nina njaa. Mama, Kombo ananichokoza. Mama, njoo uone. Mwanzo kila akiita nilikuwa nainua kichwa, na wenzangu wakawa wanatazama chini kwa kunionea haya. Sasa siinui tena. Nimejizoeza. Naendelea na mkeka wangu, nasikiliza miguu ya Somoe ikipita ua kwenda kumwitikia.

Dada yako,
Biubwa binti Ghalib